Damu imekata kwenye fizi, je moto umezimika?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wagonjwa wa fizi na ndugu zao. Wapo walioshindwa kufika wakaniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoisema, picha za ukutani nimeziacha.

Habari zenu jamani. Shikamooni wazee wangu. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmeacha kazi zenu.

Kabla sijaanza nisaidieni kitu. Nyoosha mkono kama umewahi kutema mate asubuhi ukaona wekundu wa damu. Haya, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Nyoosha tena kama ulienda ukasafishwa meno kwa ajili hiyo. Bado wengi, nafurahi sana. Sasa ya mwisho, nyoosha mkono kama baada ya kusafishwa ulirudi tena, mwezi mmoja na nusu, miezi miwili, mitatu baadae, mtu akakupima fizi jino kwa jino na akakusomea namba zako.

Naona mikono minne. Minne tu, ukumbi mzima huu.

Basi hiyo mikono minne ndio imenileta hapa. Leo nina neno moja tu na nitalirudia mpaka mlichoke: kusafishwa sio kupona. Kusafishwa ni kutoa kuni motoni. Kama moto umezimika au haujazimika, hilo linajulikana kwa kupimwa, na kupimwa kunataka urudi.

Nikisema moto namaanisha kitu ambacho sisi watu wa kinywa tunaita inflamesheni, yaani ule mwili kuwaka, pale panapovimba panakuwa pekundu, pana joto, panauma au hata hapaumi. Kwenye fizi mara nyingi hapaumi, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Ungekuwa na kidonda mkononi kinachotoa damu kila ukikigusa, ungelala nacho miaka kumi? Usingelala. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa fizi ulioenea mdomo mzima, ukipima ile sehemu ya ndani ya ufizi inayogusana na jino, kuna waliokadiria inafika sentimita za mraba 8 hadi 20. Hebu fikiria kidonda cha ukubwa huo kimekunjwa kunjwa kuzunguka meno, hukioni, hakiumi, na kinakula.

Sasa huo moto unawashwa na nini? Nianze na hadithi ya zamani kidogo. Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti mdogo sana, watu 12 tu. Watu wenye fizi nzima kabisa, wakaambiwa waache kupiga mswaki. Waache kabisa. Ukoga, ule utando laini wa bakteria kwenye meno, ukaanza kujikusanya, na ndani ya siku 10 mpaka 21 wote 12 fizi zikawa zimewaka. Wote. Kisha wakarudishiwa miswaki, wakasafisha vizuri, na baada ya kama wiki moja fizi zikarudi zilivyokuwa. Mimi huu utafiti naupenda kuliko tafiti nyingi kubwa za siku hizi kwa sababu unampa mtu matumaini: ule moto wa mwanzo, wa juu juu, unazimika kabisa na haukuachii kovu, na dawa yake iko mkononi mwako.

Lakini je, kama hukuuzima? Hapa sasa ndio panapokuwa pagumu. Huyo huyo Löe na wenzake walifuatilia wanaume 480 waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya chai Sri Lanka, kuanzia 1970 hadi 1985. Watu hawa hawakuwa na huduma ya meno wala mazoea ya kusafisha kinywa, kila mtu ana ukoga, kila mtu ana ugaga uliokauka kama jiwe. Mngetegemea nini? Wote waoze fizi sawasawa, si ndio? Haikuwa hivyo. Asilimia kama 8 ugonjwa ulikwenda kwa kasi ya kutisha, wakifika miaka 45 meno yote yameisha. Asilimia kama 81 ulikwenda taratibu. Na asilimia 11 hakuna kilichoendelea zaidi ya fizi kuvimba. Uchafu ule ule! Ugaga ule ule! Mmoja anabaki na meno, mwenzake anabaki na fizi tupu.

Kwanini? Kwa sababu bakteria wanawasha kiberiti, ila kinachounguza nyumba ni mwili wenyewe. Naomba mnisikilize vizuri hapa maana ndio kiini cha yote. Bakteria wakikaa chini ya ufizi wanatoa sumu zao, seli za ufizi zinapiga kelele, na zile kelele ni kemikali, vijumbe vidogo vinavyoenda kuita msaada. Kimoja kinaitwa intalukini-1 beta, kingine intalukini-6, kuna na prostaglandini. Seli nyeupe za damu zinasikia, zinakuja mbio, na ili zipite kwenye nyama iliyoshikana zinatoa kimeng'enya kinachokata kolajeni, tunakiita MMP-8. Kolajeni ndio zile kamba zinazoushika ufizi na jino. Kwa hiyo askari wako mwenyewe, katika kukimbilia adui, anakata kamba za nyumba yako. Kelele zikiendelea mwezi, mwaka, zinafika mpaka kwenye mfupa, zinaamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa wa taya hauliwi na bakteria jamani. Unaliwa na seli zetu wenyewe, zimeagizwa na vijumbe vyetu wenyewe.

Hivyo vijumbe ndio viashiria vya inflamesheni. Watu wakisikia hilo neno wanadhani ni mambo ya maabara tu yasiyowahusu. Yanakuhusu! Moshi huo, na ukiujua moshi unajua kama moto bado upo.

Mnajua tunavyoukamata moshi wenyewe? Niwasimulie, maana mimi mara ya kwanza kuona nilikaa kimya. Kati ya ufizi na jino kuna upenyo mwembamba, na ndani yake kuna majimaji yanayochuruzika kidogo kidogo toka kwenye damu. Unalikausha jino, unazuia mate kwa pamba, halafu unachukua kijikaratasi chembamba kama ukucha wa mtoto, unakichomeka taratibu pale pembeni ya jino mpaka kikwame, unahesabu sekunde 30, unakitoa. Ufizi mzima kikaratasi kinatoka karibu kikavu, ncha tu imelowa. Ufizi unaowaka kinatoka kimelowa mpaka juu, na kama kimepakwa damu unakitupa unaanza upya sehemu nyingine kwa sababu damu inaharibu vipimo. Yale majimaji mara nyingi hayafiki hata mikrolita moja. Chini ya tone. Lakini ndani yake imo habari nzima ya jino lile, intalukini zipo, MMP-8 ipo, vyote vinahesabika.

Na hapo niwape tahadhari moja wale vijana wangu wanaosomea kazi hii, nimewaona mmekaa nyuma kule. Ukimtibu mgonjwa majimaji nayo yanapungua, kwa hiyo ukiangalia ukolezi peke yake, yaani kiasi kilichomo kwenye kila tone, unaweza kudhani kiashiria hakijashuka wakati jumla yake imeshuka sana. Angalia jumla iliyokusanywa ndani ya zile sekunde 30. Nimeshawahi kumuona mtu anakata tamaa na matokeo yake mazuri kabisa kwa sababu ya hesabu hiyo tu.

Haya, sasa tunakuja kwenye matibabu. Umechomwa sindano ya ganzi, tumeshuka chini ya ufizi, tumekwangua ugaga kwenye mzizi wa jino, umeenda nyumbani. Kesho yake viashiria vimeshuka, sio?

Hapana. Kesho yake vimepanda.

Kijana mmoja alinipigia asubuhi baada ya kusafishwa mdomo mzima, sauti ina hofu na hasira kwa pamoja, ananiambia daktari nilikuja kwako sina homa, leo mwili unauma na ninahisi baridi, umenifanya nini? Na nilistahili lile swali, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Maurizio Tonetti na wenzake, wagonjwa 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi, wengine wakapewa matibabu ya nguvu, yaani kusafishwa kwa kina chini ya ufizi, na wengine ya kawaida. Saa 24 baadae wale wa matibabu ya nguvu viashiria kwenye damu vilikuwa juu, CRP juu, ile protini ya kwenye damu inayopanda mwili ukiwaka, intalukini-6 juu, na hata mishipa yao ya damu ilikuwa inatanuka kidogo kuliko ya wenzao. Mtu angeishia hapo angesema basi tuache kusafisha watu fizi. Lakini hawakuishia hapo, wakawapima tena siku ya 60, wakawapima tena siku ya 180, na mishipa ya waliotibiwa kwa nguvu sasa ilikuwa inatanuka vizuri kuwazidi wale wengine.

Mnaona? Utafiti ule ule, watu wale wale, ukipima kesho unapata jibu moja, ukipima baada ya miezi miwili unapata jibu lililogeuka kabisa. Sasa wewe ambaye hukurudi, jibu lako ni lipi? Hulijui. Na mimi niliyekusafisha silijui.

Kwa hiyo ukijisikia mwili mzito siku ya kwanza baada ya kusafishwa kwa kina, usiogope. Ikizidi hapo, homa haishuki au unaona usaha, rudi haraka. Na kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema kabla hatujagusa jino hata moja, tutagawa kazi kidogo kidogo.

Kuna jambo lingine linawatoa watu kwenye matibabu, na hili linaniuma. Mama mmoja alirudi kwangu baada ya wiki tatu amekasirika, ananionyesha meno, anasema yamekuwa marefu, yana mianya, na yanashtuka akinywa kitu cha baridi. Alishapita sehemu nyingine wakamwambia hayo ndio madhara ya kusafishwa, usirudie tena. Nikamkalisha, nikampa kioo. Nikamwambia mama, meno hayajarefuka, ni uvimbe umeshuka. Mfupa ulishaondoka zamani, uvimbe ndio ulikuwa umekuficha. Akauliza, kwa hiyo hii mianya ilikuwepo? Nikamwambia ilikuwepo, imejazwa na ufizi uliovimba. Akakaa kimya muda mrefu akiangalia kile kioo. Kuanzia siku hiyo nilibadilika, simsafishi mtu kabla sijamwambia kwamba ufizi ukipona unajikunja, na jino litaonekana refu, na huko kujikunja ndio dalili ya moto kushuka.

Na wavuta sigara. Naomba wavuta sigara mnisikilize bila kukasirika, sijaja kuwagombeza. Alikuja fundi mmoja, mvutaji wa miaka mingi, fizi zake ukiziangalia ni ngumu, zimepauka, hazitoi damu hata tone, na yeye anajisifu kwamba fizi zake ni chuma. Nikaingiza kipimo kati ya jino na ufizi, pale ambapo salama ni milimita moja mpaka tatu, nikapata milimita 7. Jino linalofuata, milimita 7. Nyuma kule 8. Sigara inabana mishipa ya damu na kupunguza ile damu kutoka, kwa hiyo ishara pekee ambayo mtu wa kawaida anaitegemea inazimwa, na mfupa unaendelea kuliwa kimya kimya. Kwa hiyo swali la kichwa cha hotuba yangu, damu imekata je moto umezimika, kwa mvutaji jibu lake ni kwamba damu peke yake haikuambii kitu. Na akisafishwa mifuko yake, yaani ule upenyo kati ya jino na ufizi uliozama kwenda chini, inapungua kidogo kuliko ya asiyevuta, hili limeonekana mara nyingi. Inapona, ila kidogo. Ukiacha kuvuta fizi zinaweza kuanza kutoka damu kidogo upya, usiogope, ni ile ishara yako imerudi.

Kisukari nitapita haraka ingawa kinastahili siku yake. Sukari ikiwa juu moto wa fizi unawaka zaidi, na moto wa fizi ukiwaka sukari inakuwa ngumu kushika, vinasukumana. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi yaliona kwamba kutibu fizi kunashusha kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa kama asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Dawa zako endelea nazo kama ulivyoelekezwa. Ila mwenye kisukari ambaye hajawahi kuangaliwa fizi, matibabu yake yana pengo.

Sasa nirudi kwenye ile mikono minne.

Tunaposema rudi baada ya wiki 6 mpaka 12 hatusemi hivyo kwa mazoea. Ngozi nyembamba ya ndani ya mfuko inajibandika kwenye mzizi mapema, lakini kolajeni inachukua wiki nyingi kujisuka upya, ukipima mapema mno kipimo kinatoboa kitu kichanga na kinakudanganya. Ukichelewa mno, bakteria wale wa chini wanakuwa wameshajipanga tena, maana wanarudi ndani ya wiki na miezi, hawasubiri mwaka. Kuna dirisha hapo katikati.

Ukirudi nafanya nini? Nachukua kijiti cha chuma chembamba chenye mistari ya milimita, ncha yake ni butu, nakigusisha kwa nguvu ndogo sana, kama uzito wa gramu 25, kati ya jino na ufizi. Sehemu sita kwa kila jino, tatu nje, tatu ndani. Mwenye meno 28 ni namba 168. Mbili, mbili, tatu, tatu, mbili, tano. Ile tano tunasimama. Moja mpaka tatu ni salama, nne kwenda juu tunaangalia kwa jicho lingine, hasa ikitoa damu. Na hili la damu lieleweke: sehemu ikitoka damu mara moja haimaanishi lazima mfupa unaliwa pale, lakini sehemu isiyotoka damu kila tukikutana, kwa asiyevuta, hiyo ni ishara nzuri sana kwamba kumetulia. Lengo letu ni sehemu zinazotoka damu ziwe chini ya asilimia 10. Kwenye zile 168, chini ya 17.

Wengi mnaniuliza, je tununue vile vipimo vya kisasa vya MMP-8 vya mate? Vipo, vingine vinatoa jibu palepale kwenye kiti. Mimi maoni yangu ni kwamba vinasaidia kufuatilia na vinasaidia sana watafiti, ila havichukui nafasi ya kile kijiti. Na dawa za antibayotiki za kujinunulia, tafadhali sana, achana nazo. Bakteria wamejifunika utando, dawa haipenyi vizuri mpaka utando uvunjwe kwa mkono.

Nimalizie na kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Mama yangu mzazi alikuwa msafi wa meno kuliko mtu yeyote ninayemjua. Asubuhi na usiku. Kila mwaka alienda kusafishwa, mahali pale pale, miaka na miaka, na kila mara aliambiwa mama meno yako yanang'aa, nenda. Hakuna aliyewahi kuingiza kijiti. Hata mara moja. Nilipokuwa mwanafunzi nikaja likizo nikamwomba afungue mdomo nijifunzie kwake, jino la chini la nyuma kijiti kikazama mpaka mstari wa milimita 9. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Tisa. Nikaenda la jirani, nane. Na juu yanang'aa kweli, meupe kabisa. Alipoteza meno manane miaka iliyofuata, na yale tuliyoyaokoa yaliokolewa kwa sababu alikuwa anarudi kila miezi mitatu, analalamika njia nzima, lakini anarudi, ananiambia nisomee namba zangu. Alizijua namba zake kwa kichwa. Jino fulani ilikuwa saba sasa ni nne. Aliwahi kunipigia simu usiku kuniambia tu kwamba ile nne imekuwa tatu.

Kwa hiyo ukitoka hapa ukaenda kusafishwa, kabla hujashuka kwenye kiti uliza mambo mawili: namba zangu ni ngapi, na nirudi lini tuzilinganishe. Ukiambiwa hakuna haja ya namba, omba tena kwa adabu. Ukiambiwa tena hakuna haja, tafuta mwingine atakayekupima.

Haya, nimeongea sana, tuingie kwenye maswali. Mama wa pale mbele, umenyoosha mkono toka nilipotaja kisukari, tuanze na wewe.